Usiku stima ilipopotea Pipeline, ploti nzima tukatunga wimbo

Mtungi_Mtupu (mwenye uzi)

Wanakijiji, habari za Jumapili. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Alhamisi, na nisipoliandika hapa nitaishia kumsimulia konda kesho asubuhi.

Naishi Pipeline, hapa Nairobi, ghorofa ya saba. Wanaoijua Pipeline wanajua: ploti, haya maghorofa ya kupanga, zimebanana hadi jirani wa ng'ambo akikata kitunguu, machozi yanakutoka wewe. Yetu ina vyumba kumi kila ghorofa, na katikati kuna lile shimo la mraba ambalo mwenye ploti aliliacha ili jua lifike chini. Jua halijawahi kufika chini. Zinazofika ni soksi zilizoponyoka kwenye kamba.

Alhamisi, saa mbili kasoro usiku, stima ikapotea. Mnajua inavyokuwa: mtaa mzima "aaaah!", halafu kila mtu anatoka koridoni kuhakikisha kwamba si yeye peke yake tokeni zimemwishia. Ukiona giza hadi kule barabarani moyo unatulia. (Juni 2016, tumbili alipoparamia kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma na nchi ikazima, ndiyo siku pekee nimeona Wakenya wote wako sawa.)

Basi tuko koridoni, tumeegemea vyuma, simu zina betri kidogo kwa hiyo hakuna anayetaka kuichezea yake. Mtoto mmoja wa ghorofa ya nne akaanza kupitisha kijiko kwenye vile vyuma. Krrr-krrr. Krrr-krrr. Mama yake akamkaripia mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akachoka. Ndipo mtu wa ghorofa ya pili, sijui nani mpaka leo, akapiga mtungi wa plastiki wa kubebea maji. Du. Pigo likaangukia mahali pake hasa, pale kijiko kilipoacha nafasi. Krrr-krrr, du. Krrr-krrr, du.

Sasa, mtungi wa lita 20 ukiwa mtupu, ukiupiga ubavuni kwa kiganja unalia kama ngoma. Ukiupiga karibu na kitako sauti inakuwa nzito. Ukiwa na maji robo, sauti inameza mate. Kwa dakika kumi hivi watu walikuwa wakizigundua hizo sauti tatu gizani, kila mtu na mtungi wake, na lile shimo la katikati ambalo tumelitukana miaka yote likawa ndiyo tumbo la ngoma. Vifuniko vya sufuria vikaingia. Mzee wa ghorofa ya kwanza akaleta ufagio, anausugua sakafuni, shaa, shaa.

Halafu jirani yangu. Huyu ni soja wa usiku kwenye godauni moja Indastria, siku hiyo alikuwa ofu. Miaka mitatu namjua kwa "habari ya asubuhi" na viatu vyake mlangoni, basi. Akakohoa, akatupa sauti chini ya shimo:

— Maji yamepanda?

Kimya kidogo. Kisha mama mmoja kutoka chini, bila hata kuonekana:

— Yamefikia ya pili!

Ploti ikacheka, kwa sababu ni kweli. Maji yakija Jumanne na Ijumaa yanaishia ghorofa ya pili, sisi wengine tunabeba. Soja akarudi tena:

— Na sisi wa saba?

Hapa tulijibu watu kama watano kwa pamoja, kila mtu na lake, likawa fujo. Akauliza tena. Kijana wa ghorofa ya sita akawahi:

— Twasikia kwa redio!

Hapo ndipo wimbo ulipozaliwa. Raundi ya tatu ghorofa zote saba zilikuwa zinajibu.

— Keateka yuko?
— Yuko lakini hayuko!

Na keateka mwenyewe, msimamizi wa ploti, alikuwa pale chini na tochi, anacheka, anapiga ndoo. Tuliimba hadi saa nne kasoro. Beti zilifika kama ishirini, nyingine hazifai kuandikwa hapa kwa sababu ya mama mboga fulani na deni fulani. Kisha stima ikarudi, watu "zimerudiii!", wakakimbilia kuchaji simu, na baada ya dakika tano kila chumba kilikuwa na televisheni yake. Nilisimama koridoni peke yangu nimeshika mtungi kama mtu aliyeachwa na gari.

Swali langu: kwenu imewahi kutokea? Jambo ambalo hakuna aliyelipanga na kila mtu alitia mkono?

---

ChapoMbili

Kwenu stima hupotea? Kwetu hupita tu kutusalimia. 😂

Lakini nimekuelewa. Hii uliyosimulia ni mchongoano, ule mchezo wa kutupiana utani, uliovaa suti. Sisi tuliokulia Mbotela tulikuwa tunakaa ukutani jioni, watu wawili wanaanza, wengine ni mahakama. Hakuna mshindi anayetangazwa, mshindi ni yule kicheko kimemfuata hadi nyumbani. Mimi nilimalizwa mwaka fulani na mtoto wa darasa la tano: "Kwenu ni wadogo hadi mkila chapati mnaikunja mnaitumia kama mkeka." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimebeba jina la Mkeka hadi leo.

Na lazima ulipe papo hapo. Ukienda kufikiria ukarudi kesho na jibu zuri, watu wanakuhurumia.

---

ZamuYaUsiku

Naomba niwe yule mtu mbaya.

Mimi ni muuguzi. Nafanya zamu za usiku hospitalini, natoka saa moja na nusu asubuhi, naingia Zimmerman saa tatu nikibahatika. Naishi ghorofa ya tano. Nikilala mchana, chini yangu kuna "furaha ya jamii": duka la spika, mhubiri, na watoto. Wiki nikiwa ofu nataka kulala usiku kama binadamu, na hapo sasa ndipo majirani wanavumbua vipaji. Masaa mawili ya vifuniko vya sufuria ndani ya shimo linalovuma! Mngekuwa ploti yangu ningemwaga maji, na yangekuwa yangu, niliyobeba mwenyewe hadi ya tano.

Kanuni za kelele zipo tangu 2009, watu wanadhani ni za baa peke yake.

---

Mtungi_Mtupu

Dada ZamuYaUsiku, pole na kazi, na sikubishii. Kuna chumba kimoja ghorofa ya tatu ambacho mlango haukufunguliwa usiku ule wote. Tangu usome maneno yako nimeanza kujiuliza ni nani alikuwa ndani.

---

ZamuYaUsiku

"Tangu NISOME". Mimi nimeyaandika. 🙄 Na nitakukubalia kitu kimoja: mlikuwa na midomo na mitungi. Midomo huchoka. Spika haichoki. Ningewapa saa moja.

---

MwanaIsukha

Mwenye uzi, huyo jirani yako soja, naomba uulize kwao ni wapi. Nakuwekea dau ni Shinyalu au Khayega huko.

Nasema hivyo kwa sababu ya namna alivyotupa swali. Isukuti, ngoma yetu ya Waisukha na Waidakho huko Kakamega, ndivyo inavyokwenda: mmoja anaongoza, umati unarudisha, na kiongozi hasongi mbele hadi jibu limeiva. Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, baba, mama na mtoto, na kila moja ina kazi yake ya kumjibu mwenzake. Nyinyi mlizipata tatu kwenye mitungi bila kufundishwa: ubavu, kitako, na robo ya maji. UNESCO iliiandika isukuti 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nikisoma habari kama hii huwa nacheka. Huku kijijini wanalia inapotea, kumbe iko Pipeline inapigwa kwenye plastiki.

Jambo moja watu hawalioni: jibu lazima liwe fupi. Jibu likizidi pumzi moja, mgeni hawezi kuingia. Kwenye matanga kwetu mtu ameshuka gari sasa hivi kutoka Nairobi, mkoba begani, hata hajui marehemu alikufa na nini, lakini raundi ya pili tayari anaimba. Wimbo ambao mgeni hawezi kuuingia kwa raundi mbili, huo ni wa kwaya.

---

Mtungi_Mtupu

Nimemuuliza. Khayega. Ameuliza umejuaje, nikamwambia kuna mtu kwenye simu.

---

RangiMbichi

Mimi ni fundi wa kuchora magari, nganya za Iste hizi, yaani matatu zilizopambwa za Eastlands. Nataka kuongeza kidogo.

Watu wakiona nganya wanadhani kuna msanii mmoja alikaa na penseli. Gari linakaa gereji wiki tatu. Wiki ya kwanza mwenye gari ana wazo lake, kwa kawaida baya. Wiki ya pili madere na makonda wa ruti hiyo wanaanza kupita "kuangalia tu". Mmoja anasema hiyo macho haiko sawa, mwingine anataka jina la marehemu rafiki yao liwe pale juu ya taa, fundi wa kupiga sofa anashauri rangi ya mlango ifanane na kitambaa alichobakiza. Kijana wa kuleta chai ndiye alinipa maneno ya nyuma ya gari ambayo hadi leo watu wanayapiga picha pale Odeon. Nilimpa mia mbili, na sasa kila akileta chai anasimama dakika tano anatazama gari akikunja uso.

Usiku wa mwisho kabla gari halijatoka ndio usiku wenyewe. Saa nane za usiku, watu kumi na tano wanaguswa na gari moja. Yaani, wanaligusa. Nimechoka, nisameheni. Mmoja anabandika stika, mmoja anafunga taa, mmoja kazi yake ni kushika tochi na kutoa maoni.

Wazee wanakumbuka zile sheria za matatu za waziri Michuki zilipoanza Februari 2004. Mstari wa njano ubavuni, michoro futa. Nilikuwa bado najifunza. Mwalimu wangu alipaka nyeupe juu ya kazi yake mwenyewe, gari baada ya gari, analipwa kwa hilo. Lakini hata ule mstari wa njano, baada ya miezi michache, ukianza kuangalia vizuri unaona kila sacco, chama cha wenye matatu, imeukunja kivyake mwishoni.

---

BabuWaKaloleni

Vijana, shikamooni kwa niaba yenu maana hamkuniamkia.

Mimi ni wa Kaloleni ya Nairobi, nyumba za miaka ya 1940. Zile nyumba zimepangwa kuzunguka uwanja, na katikati kuna ukumbi. Hakuna mtu aliyehitaji kumwalika mwenzake. Ukitoka nje kumwaga maji ya kuosha vyombo, umeshaingia kwenye mkutano. Siasa za nchi hii zimepikwa pale, na muziki pia. Mtu mmoja na gitaa lake la kamba nne (mbili zilikuwa zimekatika), mwingine na chupa ya soda na msumari.

Huyu wa Pipeline ana bahati ya giza. Nyinyi mnahitaji stima ipotee ndipo mwonane. Nyumba zenu zinaangalia ndani ya nyumba zenyewe.

---

D_FeziMbili

Babu, shikamoo.

Hapo kwa uwanja nakuunga mkono. Dandora ilipoanzwa 1975 kwa pesa za Benki ya Dunia na halmashauri ya jiji, watu walipewa viwanja kama 6,000, vina choo na bafu, vyumba ujijengee mwenyewe. Na viwanja vikapangwa kuzunguka ua wa pamoja. Yule aliyechora ramani alikuwa na akili. Halafu sisi kwa miaka thelathini tukageuza zile ua jaa la taka na njia ya wezi.

Nilikuwa hapo wakati Dandora Transformation League walipoleta yale mashindano ya kupamba ua. Kwetu hakuna aliyeamini. Vijana sita walianza kwa kufagia, watu wakiwacheka kutoka madirishani. Siku ya tatu mama mmoja akatoa ndoo mbili za maji, kumbuka ni maji ya kununua. Wiki ya pili mtu mzima anayefanya kazi ya welding akashusha goli mbili ndogo za chuma, hakuna aliyemuagiza, alikuwa na vipande vimebaki. Tairi zikapakwa rangi, zikatiwa mchanga na maua. Rangi ilikuwa mabaki ya mabaki, ndiyo maana geti letu lina rangi saba. Wageni wakija wanadhani ni ubunifu. Ni umaskini, na ni ubunifu pia, sijui mpaka uko wapi.

Kwa hiyo mwenye uzi, mimi sikubali kwamba jambo likipangwa linakufa. Letu lilikuwa na mashindano, majaji, na zawadi.

---

Mtungi_Mtupu

Sikusema linakufa likipangwa. Lakini kwa kuwa umelitaja, acha nikiri dhambi, maana hii sehemu niliificha.

Alhamisi niliyoisimulia si ya wiki hii. Ni ya mwezi uliopita. Kilichotokea katikati ndicho kinachoniuma.

Kesho yake nilikuwa na moto. Nikafungua kundi la WhatsApp, "Sauti za Ploti". Kufikia jioni tulikuwa watu arobaini na mbili. Mtu akasema tunahitaji mwenyekiti. Mwingine akasema mwenyekiti bila katibu ni dikteta. Wiki ya kwanza yote tulijadili katiba. Sitanii, mtu wa ghorofa ya tano alituma PDF. Tukakubaliana kila chumba shilingi mia, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, juu kwa paa pale pa kuanika nguo. Pesa zikapatikana elfu tatu na mia nne, tukakodi spika na maikrofoni na kijana wa kuongoza shughuli.

Jumamosi ikafika. Viti vya plastiki vimepangwa mistari. Yule kijana wa maikrofoni anasema "tupigie makofi ghorofa ya tatu!" na ghorofa ya tatu wanaangaliana. Yule mtoto wa kijiko akasimamishwa mbele, akaambiwa aanze. Akaanza. Krrr. Akatuangalia watu sabini, akaanza kulia. Mitungi ilikuwa imepangwa mitatu mezani, imeoshwa. Mzee wa ufagio aliomba udhuru. Soja alikuwa kazini, kwa sababu hakuna kwenye kamati nzima aliyekumbuka kuangalia ratiba ya zamu zake, mimi nikiwemo, na yeye soja ndiye aliyeuanza wimbo.

Tukaimba ule wimbo. Tuliuimba vizuri, kusema kweli, tulikuwa tumeandika maneno na kuyachapisha. Hakuna aliyecheka kwenye "yuko lakini hayuko". Keateka alikuwa amekaa mstari wa mbele amevaa koti.

Kundi bado lipo. Sasa ni la kuuza mitungi ya gesi na kutangaza wageni wa chama.

---

ChapoMbili

"Amevaa koti" imeniua 😭😭

---

D_FeziMbili

Pole sana, lakini ona: sisi tulipanga UA. Hakuna aliyetupangia tufanye nini ndani yake. Zile goli mbili hazikuwa kwenye ratiba ya mtu. Jioni moja vijana walikuwa wanacheza mpira pale, kina mama wakaleta stuli, mtu akaanza kuchoma mahindi. Leo ni soko dogo la mahindi kila Jumamosi na mpira wa watoto, na mashindano yenyewe watu wamesahau tulishika nambari ngapi. Nyinyi mlipanga wimbo wenyewe.

---

MamaWawili

Nimesoma hadi hapa nikiwa natazama koridoni. Wanangu na wa jirani wanacheza blada. Ile ya vipande vya mpira vilivyofungwa fundofundo, wawili wanaivuta kwa miguu na mmoja anaruka. Kuna sheria mpya leo: ukigusa blada unataja jina la mwalimu aliyekuchapa. Jana haikuwepo. Hakuna aliyeitangaza na wote wanaijua.

Watoto hawa hata hawajui juala, ule mpira wa karatasi za plastiki uliofungwa kwa kamba. Tangu karatasi hizo za plastiki zipigwe marufuku Agosti 2017, malighafi imeisha. Nilikuwa nasikitika, kumbe wa kwangu wamegundua soksi zilizojazwa vitambaa. Soksi zangu. Sasa najua zile za mwenye uzi huanguka wapi.

---

MwambaoHalisi

Salamu kutoka Mombasa. Kiswahili chenu kinanipa kizunguzungu lakini habari ni tamu. Huku kujibizana ni jadi, mashairi mtu hutupiwa akajibu kwa bahari ileile na kina kilekile. Nimehesabu wimbo wenu. Swali mizani sita, jibu mizani nane. Ma-ji-ya-me-pa-nda. Ya-me-fi-ki-a-ya-pi-li. Nani aliyewafunza?

---

Mtungi_Mtupu

Hakuna. Mtungi.

---

RangiMbichi

Mwambao, hicho Kiswahili kinachokupa kizunguzungu ndicho kazi kubwa zaidi ya pamoja iliyofanyika mji huu. Nani alitunga Sheng? Noti ya mia tano ikaitwa Jirongo wakati wa uchaguzi wa 1992, kwa sababu ya mwanasiasa wa jina hilo na pesa zilivyomwagika. Nani wa kwanza kusema? Mtu mmoja kwenye foleni, wa pembeni akacheka, kesho mji mzima unaitumia kulipia nyama. Hakuna anayedai haki.

---

MwambaoHalisi

Nimekubali nusu. Nusu nyingine niachieni. Basi kama ni mizani sita kwa nane, ubeti huu hapa kutoka kwa mgeni:

— Na kodi ya nyumba?
— Hiyo yapanda kwa mbio!

---

ChapoMbili

WEWEEE! Maji hayapandi, kodi yapanda kwa mbio. Huyu mtu wa Mombasa apewe chumba ploti yetu.

---

RangiMbichi

— Na nauli nayo?
— Mvua ikinya ni soo!

---

MamaWawili

— Na mtoto wangu je?
— Yuko chini, ana bano!

---

MwambaoHalisi

Mama, swali lako lina saba. Ondoa "je".

---

MamaWawili

Nimeondoa. Bano (gololi) libaki, nimeogopa kuweka blada nikaambiwa ina mizani ya Kizungu.

---

BabuWaKaloleni

— Babu yuko wapi?
— Yu ngazini apumua!

Nimehesabu kwa vidole mara mbili. Msiniguse.

---

D_FeziMbili

Babu amefunga mechi. Mwenye uzi, sijui kama umeona unachofanyiwa hapa.

---

Mtungi_Mtupu

Nimeona. Nimesoma beti zote kwa sauti hapa koridoni, soja alikuwa anafunga kamba za viatu kwenda kazini. Ya kodi ameirudia mara tatu. Ya nauli ya soo, shilingi mia, amesema ni ya watu wenye pesa, yeye hutembea. Ameenda ngazini akiipiga kwa rungu kwenye vyuma, nimemsikia hadi ghorofa ya pili, na kule chini kuna mtu amemjibu ingawa sikushika maneno. Stima ipo, kwa taarifa yenu. Saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka.

---

MwanaIsukha

Mwambie nampa salamu za nyumbani. Na asikubali tena maikrofoni.

---

ZamuYaUsiku

Nimekaa nasoma ujinga wenu badala ya kulala.

— Na nesi wa tano?
— Amelala, nyamazeni!

Sita kwa nane, nimehesabu. Sasa kwaherini, naingia zamu saa moja.